Siku Baba Alipokaa Kiti cha Abiria

Tarehe 4, mwezi wa tisa

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wote wazima. Kitinda mzima, baba mzima, mimi ndiyo hivyo. Jirani mshona viatu amepata mjukuu, anatembea akisema mtoto kafanana naye, maskini mtoto. Paa la jikoni tumeliziba pale lilipovuja, sasa linavuja pengine.

Najua ukiona mwandiko utasema huyu Kimya, hata salamu anatoa kwa kope, leo kaandika barua? Mama, simu ya nyumbani ni hiyo moja ya baba, na siku hizi haisikiki mpaka uweke sauti ya wote. Ukipiga tunakusikia nyumba nzima na mshona viatu pia. Kuna maneno hayamtaki mshona viatu. Makosa yangu ya kuandika unisamehe, shule niliiacha mapema, unajua.

Kilichonikalisha chini ni hiki. Matokeo ya Kitinda yametoka, amefaulu mpaka mwalimu wake alikuja hapa kwa miguu kutuambia. Vyuo vitatu vimekubali kumchukua akasomee kupima ardhi. Baba kafurahi, akasema, "Vizuri. Lakini mimi sinunui mbuzi ndani ya gunia. Navikagua kwa macho yangu mwenyewe."

Sasa tajiri mwenye lori amepata kazi ya kupeleka magodoro kwenye mabweni ya vyuo, na vyote vitatu vimo. Baba kaiomba safari hiyo tupewe sisi, na Kitinda apande. Nimeshangaa kidogo, maana safari ndefu siku hizi huwa anawaachia madereva wengine, anasema kiuno.

Mwisho wa mwaka utakuja? Baba hajanituma kuuliza. Ila ukikata simu anabaki ameigeukia, kama mtu anaota moto.

Mwanao,
Kimya

*

Tarehe 28, mwezi wa tisa

Kimya mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kumbe una maneno wewe. Ulikuwa unayaweka wapi miaka yote?

Mimi sijambo. Bibi ninayemtunza amezidi kudhoofu, kijiko hawezi tena kukishika. Ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, nami naitika. Kuitika hakugharimu kitu.

Kitinda nimemlilia kwa furaha, nikiwa nakunja mashuka. Mwambie avae viatu vya kufunika, vyuoni watu wanatazama miguu kwanza. Na msimwache baba yenu azungumze na kila mlinzi wa geti, hamtafika. Mwambie baba yenu nimemsalimia kwa lile jina langu la Dereva.

Mwisho wa mwaka tutaona. Mkataba una mambo yake.

Nani ataendesha? Nauliza tu.

Mama yako

*

Tarehe 21, mwezi wa kumi

Mama yangu,

Shikamoo. Tumerudi salama, lori zima, magodoro yote yamefika. Kitinda alivaa viatu vya kufunika, vikamchubua, akatembea chuo cha pili chote kama kuku mwenye kamba.

Uliuliza nani ataendesha. Nilijiuliza, mama ana nini, dereva si yupo? Asubuhi ya safari baba akanirushia funguo. "Leo mimi abiria," kasema. "Nimeendesha wewe hujaota meno. Leo nataka kukaa na binti yangu, tuongee." Leseni ninayo, yeye mwenyewe ndiye aliyenisukuma mwaka jana nikaichukue. Lakini mama, baba akae kiti cha abiria? Mtu ambaye hata kwenye basi anakanyaga breki hewani? Alizunguka mbele ya lori taratibu, mkono kwenye boneti, akapanda. Kitinda kati yetu, ananukia sabuni.

Kila chuo tuliingia mara mbili. Kwanza geti la nyuma, tunashusha magodoro kama vibarua. Halafu tunanawa kwa maji ya dumu, baba anavaa koti lake la harusi, tunaingia geti la mbele kama wazazi. Chuo cha kwanza mlinzi alitufukuza, anasema, "Ninyi si watu wa magodoro?" Baba akamwambia, "Wale ni ndugu zetu, tumefanana."

Huko huko kwa nyuma ndiko nilikoanza kuona. Unajua kazi yangu ya utingo. Lori likirudi kinyumenyume mimi nakuwa nyuma nagonga bodi, kofi moja moja maana yake njoo, makofi mawili ya haraka maana yake simama. Safari hii mimi niko kwenye usukani, kwa hiyo baba kashuka kunigongea. Kagonga njoo, njoo, njoo, mpaka tukavunja chungu cha maua kikubwa kama pipa. Baba akasema, "Kilikaa vibaya." Kitinda kacheka. Mimi nilikitazama kile chungu. Kilikuwa mbele ya magoti yake.

Chuo hicho ni cha karibu na nyumbani, bweni lake giza kama stoo. Kitinda kasema, "Hiki kizuri, nitakuwa narudi kila wiki." Baba akamjibu, "Karibu ni kwa kununua chumvi, si kwa kusoma."

Chuo cha pili tuliingia ofisi ya wanafunzi wapya. Kwenye kona kulikuwa na kile kiguzo cha kutundikia nguo, juu kofia, chini koti refu. Baba akavua kofia yake, akainama. "Shikamoo mkuu." Ofisi nzima ilicheka, mama. Karani alijishika mbavu, Kitinda alitoa machozi. Baba akageuza shingo kufuata vicheko, kisha na yeye akacheka. "Bora huyu mkuu," kasema, "hajaniuliza habari za ada." Wakacheka tena. Baba anajulikana kwa mizaha, nani atajua? Ila alicheka nyuma ya wote. Baba akifanya mzaha huwa hacheki kabisa.

Chuo cha tatu ndicho chenyewe. Kiko mbali, juu ya kilima, vyombo vya kupimia vimepangwa kwenye makabati ya vioo, Kitinda alivishika kama anashika mtoto mchanga. Baba akakaa kwenye benchi, akamwambia, "Haya mpima ardhi, nipimie hapa. Geti liko wapi? Bweni liko wapi? Dirisha lako litatazama nini?" Kitinda akafikiri ni mchezo, akasimama mbele yake akawa anaonyesha kwa mikono. Geti kule chini, rangi ya kijani. Bweni matofali mekundu, ngazi upande huu. Dirishani unaona bonde na barabara inayopanda. "Barabara inapanda kutoka wapi?" "Kutoka nyumbani, baba." Akafumba macho, anachukua yote.

Kurudi, Kitinda kalala begani kwake. Baba akasema polepole, "Kimya, umeona?" Nikasema nimeona baba. "Ni presha ya macho. Daktari kasema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kiko njiani. Lori nilikuwa nimeshaliacha moyoni, nilitaka safari hii tu." Nikapunguza mwendo. Akasema, "Huyu asijue. Akijua haendi chuo, atakaa hapa kunishika mkono. Kaa nalo."

Nimekaa nalo. Ila hakusema nisikuandikie wewe.

Mama, bado anaona kidogo, kwa katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Sura ya mtu ikisogea karibu anaijua. Sisemi zaidi ya hapo.

Kimya

*

Tarehe 25, mwezi wa kumi na moja

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, na mimi nimechelewa kuijibu. Bibi alianguka bafuni, nimekuwa nalala sakafuni kwake.

Nimecheka habari ya viatu. Kitinda apake mafuta pale palipochubuka. Chuo cha kilimani ni cha baridi, nitatuma sweta, apime akiwa amevaa gauni ndani, lisije likambana. Chungu cha watu mlilipa? Paa la jikoni liangalieni kabla ya mvua.

Mshona viatu mpe hongera ya mjukuu.

Mama yako

*

Tarehe 17, mwezi wa kumi na mbili

Mama,

Shikamoo. Sweta limefika, limemkaa vizuri. Chungu tulilipa. Paa tumelitazama. Mjukuu wa mshona viatu sasa anafanana na mama yake, Mungu ni mwema.

Umejibu viatu, umejibu sweta, umejibu chungu. Neno moja umeliruka kama dimbwi. Sikulaumu, na mimi ni mrukaji. Lakini nisikilize.

Kitinda anataka kuchagua chuo cha karibu, kile cha stoo. Anasema kilimani ni mbali, nauli, baridi. Hasemi sababu nyingine. Baba kakasirika, siku mbili hawakuongea, na nyumba yetu unaijua, ukuta wa mbao, mkinuniana mnasikiana mkimeza. Mimi nikawa katikati napeleka maneno. "Mwambie baba yako chai tayari." "Mwambie dada yako sijatia saini karatasi ya stoo." Kitinda akaniuliza, "Kaka, baba ana nini? Juzi kamimina chai nje ya kikombe, anasema kikombe kimesogea." Nikamwambia uzee. Akanitazama. Yule mtoto akikutazama ni kama anakupima kwa vile vyombo vyake.

Jibu anatakiwa kulitoa mwezi wa pili. Nikisema ukweli habaki na chuo hata kimoja. Nikinyamaza anakwenda stoo. Mwenzio nafanya nini?

Na jingine. Baba amechukua picha yako ya ukutani, anaisogeza usoni mpaka pua inagusa kioo. Akinisikia anajifanya anafuta vumbi. Hajasema urudi. Nami sijasema.

Kimya

*

Tarehe 12, mwezi wa kwanza

Kimya mwanangu,

Nimeketi. Nasema.

Nilijua kabla yako. Baba yako alinipigia mwaka jana, wewe ukiwa umekwenda gereji na Kitinda yuko shule. Alisema, "Mama watoto, macho yananiaga. Lakini usirudi. Ukirudi mtoto hasomi." Ndiyo maana nilikuuliza nani ataendesha. Nilitaka kujua amefika wapi.

Mshahara wangu ndio ada ya Kitinda. Yeye lori amekwisha kuliacha, wewe peke yako hutaweza, na mkataba huu nikiuvunja hawanichukui tena. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi nayashika mawili kwa nguvu zangu zote, na linaloponyoka ni baba yako.

Barua yako ile niliiruka kwa sababu nilikuwa nikikaribia hilo neno kalamu naiweka chini, na Bibi alikuwa ananitazama. Hata yeye asiyejua jina langu aliniuliza nalia nini.

Kitinda usimwambie, wala usimdanganye tena. Mwachie mwenyewe. Mwambie tu mama amesema kilimani, na mama hataki kurudishiwa jibu.

Ada ya mwaka huu ikilipwa yote, naomba ruhusa mwezi wa nne. Nakuja. Mwambie Dereva anisubiri. Amezoea kusubiri abiria, anisubiri na mimi.

Mama yako

*

Tarehe 9, mwezi wa tatu

Mama yangu,

Shikamoo. Kitinda amekwenda. Kilimani.

Nilimpa maneno yako kama ulivyosema. Alikuwa anapiga pasi. Akasimamisha pasi, akaniambia, "Kaka, kama kuna jambo unalijua, usiniambie. Ukiniambia itabidi nibaki." Akaendelea kupiga pasi shati la baba. Ndipo nilipojua anajua. Halafu nikaanza kukumbuka. Tangu mwaka uanze hajasema hata mara moja "Baba, tazama." Anasema, "Baba, shika." Shika sweta langu, shika begi uone uzito wake. Neno lile "uone" likimtoka anauma midomo. Na vikombe vyote amevipanga upande mmoja wa kabati, mshikio kulia, akasema ni usafi.

Siku ya kuondoka baba alisimama mlangoni amevaa koti la harusi. Kitinda akamwambia, "Baba, nimenenepa, shika mashavu." Baba akashika mashavu, akashika paji, akashika nywele zilivyosukwa, hana haraka. Akasema, "Kweli umenenepa." Mama, mtoto amekonda kwa mawazo, mifupa inaonekana. Mimi nikageukia ukuta. Nikampeleka kwa lori mpaka geti la kijani.

Sasa hili. Wiki mbili zilizopita asubuhi nimefungua madirisha, nimeweka chai mezani, jua limeingia mpaka miguuni pake. Baba akasema, "Mbona leo hamjafungua madirisha?" Nikasimama. Nikasema, "Nimesahau, baba." Nikaenda nikafunga dirisha, nikalifungua tena, zile bawaba zikalia kama zinavyolia. Akasikiliza. Akasema, "Asante mwanangu." Alijua. Akanywa chai yake, hakumwaga hata tone.

Macho yake yalijaribu kukusubiri, mama. Mimi ni shahidi.

Kimya

*

Tarehe 30, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Ruhusa nimepata. Wiki tatu, kisha narudi kazini, ada ya mwakani inanisubiri. Nafika tarehe 22 mwezi ujao kwa basi la mchana.

Nilikuwa nimenunua gauni. Rangi ile ya maji ya bahari baba yako aliyoniona nayo mara ya kwanza. Nililinunua kabla barua yako haijafika, sasa limetundikwa mlangoni na sijui nilifanyeje.

Anauliza nini kuhusu mimi?

Mama yako

*

Tarehe 12, mwezi wa nne

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika haraka ili barua ikuwahi.

Gauni livae. Nimemwambia baba rangi yake, akatabasamu peke yake mpaka nikatoka nje. Kitinda kaomba siku mbili za ruhusa, atakuwepo.

Anauliza kama umenenepa. Anauliza kama bado ukicheka unajiziba mdomo. Hajauliza utakaa siku ngapi, na mimi sijamwambia, hilo utamwambia mwenyewe.

Kazi yangu ni ile ile. Tajiri kanipa lori, naendesha, na nikirudi nyumbani nakuwa utingo wa baba. Akitembea kutoka kitandani kwenda mlangoni mimi nagonga ukuta wa mbao, kofi moja moja, njoo. Kwenye kizingiti makofi mawili. Jana alinitania, "Wewe angalia usinivunjishe chungu." Wageni wakija anawasimulia chuo cha kilimani. Geti la kijani, matofali mekundu, dirisha linatazama bonde. Hakosei hata kimoja. Mshona viatu anamwambia mzee una macho makali, na baba anasema, "Nilikwenda kukagua mwenyewe."

Siku yako tutakuwa kituoni tangu asubuhi, amekataa kuja mchana. Tutasimama pale mabasi yanapogeuzia, yeye katikati yetu, na koti la harusi. Atakuwa ameelekeza uso upande ambao siyo, kwa sababu ya kelele. Usije ukafikiri hataki kukuona.

Mama, wewe siku zote ukishuka hupunga mkono ukiwa mbali. Safari hii usipunge. Mwite. Watu wakikutazama waache watazame. Mwite kwa nguvu, lile jina lako la Dereva, maana huku hakuna tena anayemwita hivyo.

Kimya